Zamu ya Kumwigiza Mwantumu

Ashura Mkumba alifika Kiongoroni asubuhi ya siku ya tatu ya msiba, maji yamejaa, boti ikaweza kusogea hadi karibu na nyumba. Alivua viatu, akapandisha gauni magotini, akashuka kwenye tope. Lilikuwa la baridi. Alijua kuwa ni la baridi, basi, kama mtu anavyosoma kibao cha njiani.

Nyumba ya msiba ilikuwa ya udongo na nguzo za mikoko, bati mbele, makuti nyuma. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai la bluu wakingoja hitima. Wanawake walikuwa uani, wengine kwenye majamvi wakichagua mchele, wengine wakikuna nazi. Alipotokea, mbuzi za nazi zikanyamaza.

"Haa! Si yule wa kwenye tivii?"

"Mbona mfupi?"

"Kwenye tivii kila mtu mrefu, mwenzangu. Wanawasimamisha juu ya kitu."

Ashura akatoa pole, wakamwitikia kuwa wameshapoa, naye akaenda moja kwa moja kwa mamkubwa wake, Bi Mwajabu, aliyekuwa amenyoosha miguu yake iliyovimba juu ya mto.

"Shikamoo, mamkubwa."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai Nyamisati."

"Basi usikae ukalegea. Nguo zake ziko ndani, kwenye sanduku la bati. Watu wanakungoja wewe."

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Marehemu Mwantumu alikuwa binti wa mjomba wake, na katika ukoo wao mabinamu ni watani. Mtu akifa, siku ya tatu mtani wake huvaa nguo zake, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akawarudishia waliobaki kila kituko cha marehemu mpaka wacheke. Wakishacheka ndipo majamvi yanapoanuliwa, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Tangu wasichana, Ashura na Mwantumu walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia ataigizwa na mwenzake, si na mtu mwingine.

Na nani angeweza kumshinda Ashura kwa kazi hiyo? Walianza pamoja. Mwalimu Joachim, mtu wa bara aliyeletwa kufundisha Kibiti, ndiye aliyeanzisha kikundi cha maigizo, wakazunguka vijiji vyote, Ngorongo, Utete, hadi huku deltani, na mchezo wa chandarua, mchezo wa choo, mchezo wa mtoto asiyepelekwa kliniki. Jukwaa lilikuwa mgongo wa lori, au meza mbili za shule zimefungwa kamba. Mwantumu alikuwa mume, amevaa suruali ya mwalimu na tumbo la mto. Ashura alikuwa mke. Mwantumu alipotaka kujibiwa alimkanyaga Ashura kidole cha mguu, na Ashura alijibu kabla hajafikiri. Pale Utete mama mmoja mjamzito alicheka hadi akakimbizwa hospitali, na mtoto wake akaitwa Ashura.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Dar, akawatazama Kibiti, akasema anamtaka mmoja. "Huyo mwembamba," alisema, akamnyooshea Ashura kalamu. Mwantumu akamfungia mwenzake maandazi ya njiani, yeye akaolewa Kiongoroni na Mrisho, mkata mikoko. Ashura akaenda kuchekesha kwenye kumbi za mjini, akaingia kwenye tamthilia, mwishowe akapewa kiti cha mtangazaji. Kipindi chake ni cha kila Ijumaa, watu wanakuja kusimulia shida zao. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Sikioni huvishwa kidude kidogo cha rangi ya ngozi, na humo mtayarishaji humwambia: tabasamu, mshike mkono, muulize mtoto alifariki vipi, subiri, subiri, haya, matangazo. Mwanzoni kilimuudhi. Baadaye kilimpumzisha. Mwaka wa tano hivi aligundua kwamba hata nyumbani kwake, jambo likitokea, hukaa kwanza kidogo akingoja kuambiwa.

Habari ya Mwantumu ilimkuta akipakwa poda. Alisema innalillahi, akaingia hewani, akaendesha kipindi vizuri mpaka mwisho.

Sasa alikuwa chumbani kwa Mwantumu, sanduku liko wazi. Alitoa gauni la maua ya zambarau, kwapa limeshonwa kwa uzi mweusi, akalivaa. Lilinuka moshi na mafuta ya nazi. Akafunga kilemba, fundo upande wa kushoto, kisha akajikumbusha kimoja kimoja. Bega la kushoto juu. Ulimi unagongwa, ntsa, kabla ya neno la hasira. Miguu inanyanyuliwa juu hata penye mkeka, kwa mazoea ya tope. Kuku wanaitwa kwa vyeo vya serikali. Vyote alivikumbuka. Akangoja vimfanye kitu, havikumfanya kitu. Akatoka.

Wanaume walikuwa wameshasogea kwenye ua. Mrisho, mume wa marehemu, alisimama peke yake penye nguzo, mikono yake iliyokwaruzwa na magome ya mikoko imening'inia tu. Ashura akasimama katikati ya uwanja. Sikioni hamkuwa na mtu. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Karibuni tena, wapenzi watazamaji."

Msichana mmoja akacheka, na simu zikainuliwa.

"Fanya na ile ya 'usiende mbali', shangazi!"

"Wacheni," alisema Bi Mwajabu. "Huyo namwona kila Ijumaa kwenye tivii ya nesi Elina. Mimi nimemtaka Mwantumu."

Ashura akaanza upya. Akapandisha bega. Akagonga ulimi. Akatembea kuvuka uwanja, mguu juu, mguu chini, akazunguka, akarudi. Hakukosea hata mahali pamoja.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema mama mmoja kwa adabu.

"Ndivyo," aliitikia mwingine.

Mrisho aliitazama ile miguu ikipanda na kushuka, kisha akatazama pembeni. "Ahsante, shemeji," alisema. "Umejitahidi."

"Nijaribu tena," alisema Ashura.

"Aka, mwanangu, huu si mtihani," alisema Bi Mwajabu. "Vua, umpe Husseini."

Husseini naye alikuwa binamu, muuza kamba wakavu, mtu wa tumbo. Hakuwahi kupanda jukwaani maisha yake. Alilivaa gauni juu ya shati, likakwama kifuani, akalivuta, ule uzi mweusi wa kwapani ukakatika, praa.

"Ntsa! Nani kanichania gauni?" alipiga kelele. "Mrisho! Nimeondoka siku tatu tu, siku tatu, mmeshaniharibia nguo! Na wewe Mkurugenzi, toka kwenye mchele!" Akamkurupusha kuku. "Mwiteni Mkuu wa Wilaya aje amchukue mwenzake!"

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alimwaga ungo mzima, hakuokota. Bi Mwajabu alicheka bila sauti, tumbo likimtikisika, machozi yakimfuata mikunjo ya uso. Mrisho akacheka, akaishika nguzo, akateleza nayo hadi chini, akalia palepale alipokuwa akicheka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ashura aliona kwamba Husseini ameinua bega la kulia badala ya la kushoto. Akapiga makofi pamoja na wenzake.

Hitima ikasomwa, wali ukaliwa, majamvi yakakung'utwa na kukunjwa. Bi Mwajabu akamwita.

"Ashura. Utani tumempa Husseini. Hata mimi nikifa ataniigiza yeye. Usije ukajichosha na safari kwa ajili hiyo."

"Sawa, mamkubwa."

Alingoja neno lile limchome. Lilikaa tu, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Maji yalikuwa yameanza kupwa, nahodha akahimiza. Husseini alimsindikiza Ashura, ameshika viatu vyake, bado ana wanja aliopakwa na wanawake kwa mzaha.

"Haya binamu, sasa hata wewe ni wangu," alisema. "Hebu nipe kitu mapema. Siku yako ikifika nifanye nini?"

"Si unanijua."

"Namjua wa zamani. Yule alikuwa na mdomo, alikuwa anajibu mtu hajamaliza kuuliza. Huyu wa sasa anatembeaje? Akikasirika anasemaje? Kuku anamwitaje?"

"Sina kuku."

"Basi chochote."

Ashura akafikiri. Alitaka kweli kumpa hata kimoja. Alipekua, akapekua, na kwa kuwa mtu alikuwa mbele yake anangoja, akamtabasamia.

Husseini alimtazama. Kisha akaweka viatu chini, akasimama wima, akaunganisha mikono juu ya tumbo, akainamisha kichwa upande kidogo, akatoa meno ya juu tu. Alipatia kabisa.

"Hivi tu?"

"Hivi tu," alisema Ashura.

Husseini hakucheka. Aliokota viatu, akavifuta tope kwa kiganja, akaishika boti isiyumbe ili binamu yake apande.