Dakika Nne za Nyasi

Mwaka themanini na mbili zililetwa picha tisa kwenye shamba letu la ngano, na mtu asikudanganye, saba zilikuwa takataka. Ninajua, kwa sababu zote nilizitafsiri mimi. Gervasi Akonaay, mtoto wa kijiji cha Masieda, niliyesoma seminari mpaka wakanichoka. Siku za kazi nilikuwa karani wa ghala. Jumamosi jioni tulisogeza magunia, nikafunga mashine ya sinema, nikashika kipaza sauti na kuwaeleza madereva wa trekta Mhindi anasema nini na Mchina anasema nini. Kihindi sikijui. Kichina ndiyo kabisa! Lakini picha ikiwa na akili unajua tu wanachosema, na ikiwa haina, nilikuwa naiongezea ya kwangu.

Ya karate, ile ya Januari: stelingi mmoja anapigana na watu arobaini, hatoki jasho. Watu walipiga makofi mpaka vumbi la ngano likadondoka kutoka kwenye mabati. Upuuzi mtupu. Ya Kihindi, ndugu wawili wamepotezana sokoni: saa tatu, nyimbo kumi na moja. Verediana, mpishi wa bwalo, alilia mpaka kesho yake akaunguza makande ya watu. Nikamwambia, "Mama, hawa wangeulizana majina tu mwanzoni, tungeshalala." Hakunisemesha wiki nzima.

Ya wachunga ng'ombe wa Amerika ilikuwa nzuri, lakini nusu ya kwanza tu. Wamang'ati, wafugaji wa nyanda zile, walikuja na rubega zao, wakasimama nyuma, wakahesabu ng'ombe kwa sauti. Ilipokwisha mmoja akaniuliza, "Ng'ombe wote wale, mbona hakuna mwanamke wa kukamua?" Lo! Swali lile lilikuwa na maana kuliko picha yenyewe. Wanasema wale ni washamba. Na mimi nilisema, tena kwenye kipaza sauti.

Sasa ya nane. Iliitwa *Mkate wa Taifa*, na ilikuwa picha yetu wenyewe. Wazungu wafadhili walikuja mwaka mmoja kabla na kamera, wakapiga trekta zetu, mashine zetu za kuvunia, hata mimi nimo, napita na faili. Dakika arobaini. Picha safi, nakuapia, isipokuwa mwanzoni. Jua likishachomoza tu, yule Mzungu wa kamera alilewa na mlima Hanang'. Dakika nne nzima ni nyasi. Nyasi, mlima, nyasi, halafu bung'eda, lile kaburi la udongo Wamang'ati wanalowajengea wazee wao wakubwa, limesimama peke yake na mti umeota juu. Kamera inalizunguka taratibu. Hakuna maneno, hakuna muziki. Madereva walikuwa wanapiga miluzi: "Gervasi, peleka mbele!" Mimi nina imani moja kuhusu sinema: kitu kisichotembea hakina kazi kwenye picha.

Mtu mmoja tu alikuwa anazipenda dakika zile. Mzee Gidamis, Mmang'ati wa upande wa Gehandu, mrefu, jicho moja lina ukungu. Bung'eda lile lilikuwa la baba yake. Ardhi ile sasa ilikuwa ndani ya shamba. Trekta zilishapita juu yake, kaburi likawa tambarare, ngano ikapandwa. Duniani lilikuwa halipo tena isipokuwa ndani ya kopo langu la filamu. Basi kila picha ile ilipoonyeshwa alikuja kwa miguu. Likitokea, anavua kofia, anasema na baba yake polepole kwa lugha yao. Likipita, anaondoka. Mashine za kuvunia hakuzitazama hata siku moja.

Nilichukia sana. Ninyi hamjui adha ya kushika kipaza sauti huku mtu anaongea na marehemu.

Mwezi wa tisa meneja akasema wageni wakubwa wanakuja kutoka Arusha, waonyeshwe *Mkate wa Taifa*. Wageni wapigiwe miluzi? Thubutu! Ijumaa mchana nikachukua wembe, nikakata dakika zote nne, nikaunganisha jua linalochomoza na mashine ya kuvunia. Kile kipande nikakitupa kwenye moto wa Verediana. Kilinuka vibaya, akanifukuza jikoni na mwiko. Na wageni je? Walipiga makofi wamesimama. Ilikuwa picha nyingine kabisa. Nilitembea wiki nzima nimetuna.

Wiki iliyofuata Gidamis akaja ghalani akicheka. Mama yangu alinilea, nikamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Aliniita mwalimu kwa sababu ya kipaza sauti.

Akanieleza. Alikamatwa ndani ya ngano, amekaa pale kaburi lilipokuwa, anamimina asali. Shamba likamshtaki kwa kuingia bila ruhusa. Akajitetea kwamba pale ni kwa baba yake. Meneja akaapa kuwa palikuwa nyasi tupu, hapajawahi kuwa na kaburi. Ndugu zake walitoa ushahidi, hakimu akasema ndugu ni ndugu. "Nikamwambia hakimu, baba yangu yuko kwenye picha. Hakimu amekubali kuja kutazama. Amesema nikionyesha, naachiwa, na mahali pale watazungushia seng'enge, trekta isipite tena. Nisipoonyesha, ni jela miezi sita, na msimu huu wanalima tena." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwalimu, Mungu alikuweka hapa."

Hapo ndipo ningesema. Siyo kwamba sikujua, nilijua. Lakini kukata mali ya serikali ni kesi, na kazi yangu ilikuwa na nyumba ya bati na mgawo wa sukari wakati watu wa Katesh wanakunywa chai bila sukari. Nakala nyingine ilikuwa ng'ambo kwa Wazungu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikasema, "Vizuri, mzee. Tutaonana."

Siku ya siku hakimu alifika saa nne asubuhi. Tukafunga milango ya ghala giza lipatikane. Madereva mia mbili walikuwa wameliona bung'eda lile mara nne, na siku hiyo wote walikuwa wamepangiwa kazi mbali. Gidamis alikuja na mkewe na wazee watatu wa ukoo, wamejipaka mafuta kama watu wanaokwenda arusini. Alikaa mbele. Kofia aliivua kabla hata sijawasha mashine.

Jua likachomoza ukutani. Kisha mashine ya kuvunia.

"Bado," Gidamis akamwambia hakimu. "Inakuja."

Ngano ikavunwa, ikapakiwa, ikasagwa. "Bado kidogo." Watoto wa shule wakala mkate, wakacheka. Mwisho. Mkewe akamtazama. Gidamis akageuka nyuma kwangu. "Mwalimu, rudisha."

Nikarudisha. Dakika thelathini na sita tena. Safari hii Gidamis aliinuka. Alisogea mpaka karibu na ukuta, kivuli chake kikaangukia ngano, anatafuta kwa kidole.

Hakimu akauliza, "Bwana Gervasi, kuna kipande kimepungua hapa?"

"Hakuna, mheshimiwa. Picha ni hiyo hiyo."

"Umewahi kuona kaburi ndani yake?"

"Sijawahi."

Hakimu akaandika. Miezi sita. Akafunga daftari, akanyoosha mgongo, akaniambia, "Lakini picha nzuri, bwana. Haichoshi hata kidogo." Na mimi, Mungu anihurumie, nilifurahi. Nilifurahi kweli, mpaka masikio yakawa moto.

Nilipofungua milango Gidamis alikuwa bado amesimama ukutani. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Fimbo wanayo wote. Akaja taratibu, akaniambia pole kwa kunisumbua. Pole! Akasema macho yake hayakumdanganya, alimwona baba mara nne, hata majani ya mti aliyaona. Kwa hiyo baba mwenyewe ameondoka. Amekataa kuonekana mbele ya watu.

"Amenikasirikia," akasema. "Mwalimu, wewe umesoma kwa mapadri. Mtu akikataliwa na baba yake hivi, ni kwa sababu gani?"

Mkewe alikuwa anasikiliza. Wale wazee watatu walikuwa wanasikiliza. Askari naye alikuwa pale, na meneja amesimama mlangoni.

"Labda ulimkosea, mzee," nikasema.

Gidamis akakubali kwa kichwa, akaenda kupanda Land Rover mwenyewe, bila kushikwa.