Vikombe vya Tambi Dirishani

Mama Kidoti alifika nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni, kucha zake bado nyeupe kwa vumbi la lenzi. Kazi yake ilikuwa kukata na kusugua vioo vya miwani kwenye karakana iliyo nyuma ya duka la macho, na tangu asubuhi alikuwa ameinamia mashine mpaka shingo ikamkakamaa. Hakukaa hata dakika moja. Aliacha mkoba sofani, akachomeka simu kwenye chaja kando ya televisheni, akawaambia binti zake wawili wamalize kazi za shule, akaingia jikoni na viatu vyake vya kazini miguuni.

Mama mkwe wake alikwishamtangulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya friji na meza, mkono wa kushoto umelala mapajani. Mkono huo ulikuwa umepooza miaka mitatu nyuma, na ndipo mwanawe alipomleta akae nao. Tangu hapo hapakuwa na jioni hata moja ambayo kiti kile kilikuwa kitupu. Mzee hakuwa mgomvi, hilo lazima lisemwe. Hakutukana, hakununa, hakupeleka maneno. Alikaa tu akatazama, na kila baada ya muda akatoa neno moja.

"Kitunguu hicho umekikata kikubwa."

"Ndiyo, Mama."

"Mafuta hayajapata moto."

"Ndiyo, Mama."

Miaka mitatu ya ndiyo, Mama! Zingewekwa kwenye gunia, wangehitajika watu wawili kulinyanyua.

Siku hiyo Mama Kidoti alikuwa na neno lake mwenyewe lililomkaa kooni. Mchana msimamizi wa karakana alimwita pembeni. Walikuwa wanafungua karakana ya pili, na walimtaka yeye awe mkuu wa zamu ya jioni, kuanzia saa saba mchana hadi saa tatu usiku.

"Nataka jibu leo, kabla ya saa moja," msimamizi alisema. "Nisipolipata nampa mwingine."

Aliahidi kumpigia, lakini jibu alilijua kabla hajatoka mlangoni. Saa za kupika, yeye awe kazini? Watoto wale nini? Na mama mkwe je? Mumewe alikuwa amemwambia si mara moja wala mbili: "Mama anakutegemea wewe. Jioni asipokuona anakosa raha kabisa." Basi alikuwa amekata shauri la kunyamaza tu, saa moja ipite, na kesho ajifanye alisahau. Hapakuwa na pa kugeukia. Kazini amefungwa na mashine, nyumbani amefungwa na jiko, na katikati kuna barabara ya dakika arobaini.

Alishusha kikaango kipana chenye mfuniko, akawasha gesi. Mpango wake ulikuwa mwepesi: kila kitu ndani ya kikaango kimoja, robo saa, watu wanakula. Alikaanga vitunguu na vitunguu saumu, akatia nyanya nne na pilipili hoho, zikaanza kulainika. Kisha akavunja pakiti ya tambi katikati, akazitupia mbichi humohumo.

Kiti cha plastiki kililia.

"Mama Kidoti! Hujazichemsha!"

"Zitaivia hapahapa, Mama. Naongeza maji na chumvi, basi."

"Tambi huchemshwa peke yake. Zinachujwa. Mchuzi unakaa kando. Hapo unatupikia uji wa nyanya."

"Ndiyo, Mama," alisema, akamimina maji vikombe vitatu.

Sebuleni, binti mdogo, yule waliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, aliongeza sauti ya katuni mpaka vyombo vikatetemeka kabatini. Mama mkwe aliguna, akainuka, akausukuma mlango wa jikoni kwa bega na kukandamiza kitasa kwa mkono wake mzima ili uingie sawasawa. Pakasikika mlio, kah! Mkono wa kitasa ukabaki kiganjani mwake. Upande wa pili, mwenzake ukaanguka sakafuni na kuviringika.

Wote wawili walitazama tundu lililobaki. Kitasa kile kilikuwa kinalegea tangu mwezi uliopita. Baba Kidoti aliahidi kukitengeneza Jumamosi, na Jumamosi zilikuwa zimepita nne.

"Kidoti!" mama yake aliita. "Okota hicho kitasa, kirudishe, ufungue!"

Binti mkubwa, mwenye miaka tisa na akili za mtu wa thelathini, alikuja mbio. Walimsikia akisukuma chuma, akizungusha.

"Mama, kinazunguka tu. Hakishiki."

Mama Kidoti alijaribu kwa kisu, kwa mpini wa kijiko, kwa kucha. Akapiga bega. Mlango haukutingishika. Ulikuwa wa mbao ngumu, na mumewe aliusifia sana siku alipoununua.

"Mpigie baba," alisema huku anahema.

Baba Kidoti alikuwa fundi wa lifti. Kidoti alizungumza kwenye simu kwa muda, kisha akarudi mlangoni na kutangaza kama msomaji wa habari: "Baba anasema hawezi kuja sasa hivi! Kuna watu watatu wamekwama kwenye lifti, ghorofa ya nne! Anasema msiogope, mpumue polepole, msilazimishe mlango, fundi yuko njiani!"

Halafu sauti ikatoka upande wa friji, sauti ambayo Mama Kidoti hakuwa ameisikia siku nyingi. Mama mkwe alikuwa anacheka, bega zima linatikisika.

"Hayo ndiyo anayowaambia wateja wake," alisema akijifuta macho. "Ametusomea sisi vilevile!"

Mama Kidoti naye alitaka kucheka, lakini kicheko kiligoma. Jiko lilikuwa dogo, hatua tatu kwa hatua nne. Mvuke wa nyanya ulipanda, jasho likamtiririka mgongoni. Kila siku alijihisi amefungiwa humu na mama huyu. Leo ilikuwa kweli, kwa chuma na mbao. Alifungua dirisha lililotazama ujia wa nyuma, akashika nondo na kuvuta hewa.

"Mama, njaa!" Chiriku alianza kulia nyuma ya mlango. "Njaa! Njaa! Njaa!"

Tambi zilikuwa zimelainika, maji yamekauka na kugeuka mchuzi mzito mwekundu. Aliwaambia watoto wapite mlango wa nyuma, waje dirishani. Sahani haikupenya kwenye nondo ikiwa imelala, na ikisimamishwa chakula kingemwagika. Bakuli nalo halikupenya. Mama mkwe ndiye aliyenyoosha kidole kwenye rafu.

"Vikombe."

Basi alijaza vikombe viwili vya chai kwa tambi, akachomeka uma katika kila kimoja, akavipitisha kimoja kimoja. Chiriku alipokea chake kwa mikono miwili, akaketi kwenye ngazi ya ujia, akala kwa kelele. "Tamu!" alipiga kelele. "Mama, kuanzia leo tule hivi!"

Wakati huo simu ililia sebuleni. Kidoti alikimbia, tambi moja inaning'inia kidevuni, akarudi akiisema habari kabla hajafika dirishani.

"Mama, ni bosi wako! Anauliza unakubali kuwa mkuu wa jioni kwenye karakana mpya au hukubali? Anasema imebaki robo saa, na kwamba wewe ndiye mwenye mikono mizuri kuliko wote. Nimwambieje?"

Mama Kidoti aliendelea kuutazama ujia. Hakuthubutu kugeuka.

"Mwambie nampigia sasa hivi."

Kidoti alisema hivyo, akakata, akaipitisha simu kwenye nondo. Kisha akarudi kwenye kikombe chake. Jikoni palibaki mlio wa mchuzi unaotokota. Kama mlango ungekuwa wazi, angekwenda bafuni, angekwenda barabarani, angekwenda popote. Sasa hapakuwa na pa kwenda.

"Jioni," mama mkwe alisema polepole. "Yaani hutakuwepo jioni."

"Sijakubali, Mama. Nitakataa. Usiwe na wasiwasi."

"Unakataa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yako." Lilimtoka hivihivi, bila adabu, akajaribu kulilainisha. "Namaanisha... mwanao ameniambia. Bila mimi jioni huna raha. Ndiyo maana unakaa humu nami. Siwezi kukuacha."

Mama mkwe alimkodolea macho.

"Mimi?" alisema. "Mwanangu, mimi nakaa humu kwa ajili yako wewe!"

"Kwa ajili yangu?"

"Mdogo wangu ameniita mara tatu nikakae naye. Ana chumba kitupu, ana bustani, tukikaa wawili tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mara tatu nimekataa. Mumeo kaniambia, 'Mama, ukiondoka mke wangu ataumia. Akirudi kazini amechoka, wewe kukaa naye jikoni ndiko kunakompa nguvu.' Nikasema, haya, binti wa watu ananihitaji, nivumilie. Unafikiri plastiki hii ni starehe? Mgongo wangu umekwisha! Na ninajilazimisha kusema maneno mawili matatu, usije ukaniona kama sanamu."

Mama Kidoti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwiko mkononi. Miaka mitatu. Kila mmoja amemlinda mwenzake, na mlinzi wao yuko ghorofa ya nne akiwaambia watu wapumue polepole. Alitafuta hasira, akaipata, lakini chini yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi: hakuwahi kuuliza. Hata siku moja hakugeuka na kuuliza, "Mama, wewe unataka nini?" Ilikuwa rahisi zaidi kusema ndiyo.

"Tambi zinashika chini," mama mkwe alisema.

Mama Kidoti akainuka, akapunguza moto, akakoroga.

"Na watoto je?" aliuliza, akikitazama kikaango. "Nani atawapikia?"

"Sijui," mama mkwe alisema. "Mimi siwezi kukudanganya. Mkono huu hauvunji hata tambi. Baba yao ana mikono miwili."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika sita kabla ya saa moja. Mama Kidoti alipiga moyo konde, akapiga simu palepale, mama mkwe akisikia kila neno. "Nakubali," alisema. Msimamizi alizungumza haraka, akashukuru, akakata. Furaha aliyoitarajia haikuja. Kilichokuja ni woga mtupu.

Walikula kutoka kwenye kikaango, uma mbili. Mama mkwe alitafuna, akafikiri.

"Si uji," alikiri. "Lakini kitunguu bado kikubwa."

Baba Kidoti aliingia saa mbili kasorobo, mkanda wa vifaa kiunoni, akachukua bisibisi na koleo. Dakika mbili tu, mlango ukafunguka. Alisimama kizingitini akitabasamu kama anayesubiri makofi.

"Mmeona? Niliwaambia msiogope. Kimebaki chakula?"

"Kaa," mama yake alisema, akamwonyesha kiti cha plastiki.

Alikaa. Mama yake alimweleza yote bila kupandisha sauti, na mkewe akamalizia la kazi. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Alitazama mikono yake yenye grisi.

"Sikuwa na nia mbaya," alisema mwishowe. "Nilitaka tuwe pamoja. Mama akienda, na wewe uwe kazini, mimi nikirudi nitamkuta nani?"

"Watoto wako," mkewe alisema.

"Na hamkuniuliza kwanza."

Alichukua kikaango, akala kilichobaki humo akiwa amekaa palepale, na siku mbili nzima hakusema na mtu zaidi ya salamu.

Wiki iliyofuata mama mkwe alihamia kwa mdogo wake. Alipakia sanduku lake mwenyewe kwa mkono mmoja, akakataa msaada. Garini alimshika mkwewe kidevu. "Nitakupigia jioni," alisema, kisha akajisahihisha. "Asubuhi. Jioni utakuwa kazini."

Zamu ilianza Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu Mama Kidoti alikuwa amesimama kati ya mashine sita na mafundi wanane, mwili wake wote ukivutika kuelekea mlangoni. Aliitazama saa. Akaitazama tena. Simu ikatetemeka mfukoni: ujumbe wa Kidoti. Baba ameunguza tambi, imebidi wafungue madirisha yote, sasa anapika za pili na Chiriku anamfundisha.

Alisimama na simu mkononi, asijue acheke au akimbilie nyumbani. Fundi mmoja akamwita aje akague lenzi iliyokwaruzika. Akaitia simu mfukoni, akaenda.