Alama ya Akina Ospino

Katika ukoo wa Ospino, mpiga kodiani, kile kinanda cha kukunja na kukunjua, hakuhesabiwa kuwa fundi mpaka alama imtoke. Uvimbe mgumu chini ya chuchu ya kushoto, pale pale kodiani inapoegemea kifua. Marehemu baba yao Eudaldo na mdogo wake alikuwa nao, akiuonyesha kwenye sherehe kwa majigambo, watu wakiumwagia ramu na kupiga mayowe. Akaja kufa kwa kikohozi na maumivu ya mgongo, na hakuna aliyeuliza kitu. Nani angeuliza?

Eudaldo naye ulipomtoka, alichinja mbuzi. Mbuzi mzima, jamani! Kijiji kizima kikala na kucheza, isipokuwa mkewe Nubia. Huyo alipoona chuchu inadidimia na fulana zina madoa ya damu, alimkokota mpaka hospitali kule mjini Valledupar. Wakamkalisha kwenye benchi la wanawake, dume peke yake, kofia magotini. Muuguzi akaita, "Bibi Ospino!" huku akimtazama Nubia. Eudaldo ndiye aliyeinuka.

Wakambana kifua kwenye mashine ya picha, na nyama yenyewe ya kubana ilikuwa haba. Wakamchoma sindano nene kutoa kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari, mama mmoja asiyejua kuzungusha maneno, alimwambia:

"Ni saratani ya titi, Don Eudaldo. Wanaume nao wana matiti. Tutalikata maana limeshaanza kuchimbika kidonda, halafu dripu za dawa kali, halafu vidonge. Lakini sikufichi, imeshafika kwenye mifupa. Hatukuponyi, tunakuongezea siku tu."

Kisha akauliza habari za baba, akasikiliza, akaweka kalamu chini.

"Hii iko kwenye damu yenu. Una ndugu? Aje apimwe. Wiki hii hii."

Ndugu alikuwa mmoja tu, Nereo, kitindamimba, mpiga kodiani vilevile, aliyemwonea kaka yake kijicho tangu siku ya yule mbuzi.

Eudaldo hakumwambia. Angeanzia wapi? Saratani ya titi! Wanaume wa pale wangemnunulia sidiria. Alipokwisha kukatwa titi akatangaza kwamba amepasuliwa pafu, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni. Nubia alimsihi, akalia, akamfokea: "Hiyo aibu yako itatuzikia mtu!" Yeye akajibu, "Kesho." Dripu zikamng'oa nywele na kumtapisha, kodiani ikamshinda kuibeba, na bado ikawa kesho.

Asubuhi moja, msimu wa mvua umeshakwisha, Nereo aliingia uani akicheka peke yake, chupa ya ramu mkononi.

"Kaka! Amka bwana, acha kudeka! Imenitoka!"

Akafungua shati. Uvimbe ulikuwa kama yai la njiwa, chuchu imevutwa ndani, ngozi imefanya vishimo kama ganda la chungwa.

"Ulidhani utaondoka nayo peke yako, eh? Nilikuwa nangoja ikue kwanza, ndipo nikutambie. Shemeji, hebu imwagie ramu!"

Nubia alijifunika uso kwa aproni, akakimbilia jikoni.

Eudaldo alitamani ardhi ipasuke immeze. Kifungo cha kwanza kilimshinda, akalivuta shati mpaka vifungo vikaruka. Palipokuwa na titi palibaki kovu tu, kutoka katikati ya kifua hadi kwapani.

"Siyo pafu, mdogo wangu. Ni saratani ya titi. Na ile ya baba ilikuwa hii hii."

Nereo akacheka kidogo, akimsubiri mwenzake naye acheke. Akasubiri sana. Halafu akaiweka chupa chini.

"Daktari alijua kwamba na mimi naweza kupata?"

"Alisema uje upimwe."

"Alisema lini?"

Eudaldo alikuwa analia sasa, mdomo wazi, kama mtoto.

"Kabla ya mvua."

Nereo alijishika kifua.

"Kabla ya mvua," akasema, "ilikuwa kama punje ya mahindi."