Kapumzike, Mzee

Bosi alimwambia mume wangu, fundi wa kushona mashati, "Mzee, sasa kapumzike." Yeye akadhani kapewa likizo. Jumatatu akarudi kiwandani na kikombe chake cha chai, mlinzi akamzuia getini. Wiki hiyohiyo wakaniajiri mimi nifagie humohumo, ingawa nimemzidi miaka miwili, siri tuliyoificha tangu posa.

Kila jioni huniuliza, "Mama, cherehani yangu wamempa nani?"

"Nani aiweze, baba? Wameifunika, inakusubiri."

Mwongo mkubwa mimi! Ilishauzwa kama chuma chakavu, nami nafagia pale ilipokuwa.

Leo asubuhi kanipa kichupa cha mafuta. "Kaipake, mke wangu, isishike kutu."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaenda kazini.