Theluji ya Jumanne

Jumanne moja ya Januari, saa moja na dakika tano asubuhi, Verna Ojala alisimamisha basi la shule namba tisa mkabala na nyumba ya akina Kettunen, akavuta breki, akabonyeza swichi. Taa nyekundu zikaanza kumetameta mbele na nyuma, kibao chekundu cha pembe nane kikajikunjua ubavuni, na theluji ikasimama. Haikukatika, ilisimama. Kila chembe ilibaki pale ilipokuwa, na kunguru aliyekuwa akivuka barabara naye akabaki hewani, mabawa yamefunguka nusu.

Mambo hayo yalianza mwaka wa tatu wa Verna kazini, na sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye usukani. Kibao kikiwa nje, chochote kilichokuwa hewani kilisubiri. Watoto walishazoea. Wakubwa waliwakataza wadogo kula theluji iliyosimama, kwa kuwa ilikuwa imeshika moshi wa basi. Vilivyokuwa ardhini viliendelea na mambo yake. Kwa hivyo vilihitaji sheria, na sheria ya jimbo iliwataka madereva wa pande zote mbili wasimame mpaka taa zizimwe. Wengine walisimama.

Wasiosimama waliacha tundu kwenye theluji, lenye umbo la gari lao. Mwezi wa kumi na mbili Verna alimwita Rudy Pavlich, naibu sherifu, ambaye alikuja na kamera na futi ya kupimia.

"Hii ni pikapu," Rudy alisema. "Tena ina ngazi juu."

"Basi kamkamate."

"Verna, nimempelekea mwendesha mashtaka picha za matundu kumi na moja. Anasema tundu halina namba ya usajili."

"Kwani wewe humjui mwenye pikapu ya ngazi?"

"Namjua. Tunacheza naye hoki kila Alhamisi." Rudy alikunja futi yake. "Hapo ndipo penye tabu."

Nyumba ya akina Kettunen ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Mtoto wa hapo alikuwa mmoja tu, Aili, mwenye miaka saba, na kila asubuhi alilazimika kuvuka ili apande. Jumanne hiyo ya Januari alisubiri kwenye sanduku la barua mpaka Verna alipomwinulia kidole gumba, kama walivyofundishana. Akaanza kuvuka, akipenya kwenye theluji iliyosimama, mkono mmoja usoni ili chembe zisimwingie machoni.

Gari la kijivu lilitokea mbele. Aliyekuwa ndani ni Duane Sorvari, muuza mashine za kulainisha maji magumu. Verna alimwona akizitazama taa. Hakupunguza mwendo.

Aili alirushwa juu, akabaki huko. Alikuwa usawa wa kifua cha mtu mzima, amelalia ubavu, uso ukielekea nyumbani kwao. Glavu yake moja ilikuwa pembeni yake, nayo hewani. Kidole cha Verna kilikuwa bado juu ya swichi. Alikiondoa taratibu, akaweka mikono yote miwili mapajani.

Mhudumu wa ambulensi alikuwa mwanamke aliyesoma darasa moja na Marlys, mama yake Aili. Aliweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kuna pigo moja la moyo," alisema. "Limeanza, halijaisha."

Marlys alikuwa ametoka kazini, jikoni kwenye nyumba ya wazee, na aproni yake ilikuwa bado kiunoni. "Tukiweka magodoro chini?"

"Tutaweka. Lakini si kuanguka kutakakomuua, Marlys. Kinachomuua kimeshaingia. Hakijafika tu."

Marlys akaenda mlangoni pa basi. "Verna, ukizima?"

"Sizimi mpaka uniambie."

Wazima moto walileta magodoro manne. Basi jingine liliwachukua watoto waliobaki. Jirani mmoja akawa anakuja na madumu ya dizeli ili injini isizimike, na wanawake wa kanisa wakaleta kahawa na mabakuli ya nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi. Verna alilala kitini. Marlys alitoa kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya barabara, akawa anamsimulia mwanawe habari za nyumbani: paka amezaa nyuma ya sauna, watoto watano, mmoja hana mkia.

Siku ya kwanza magari yote yalisimama. Foleni ilifika darajani, na watu walishuka wakavua kofia. Siku ya pili walianza kuuliza itachukua muda gani. Alhamisi, lori la maziwa lilipita ukingoni polepole, dereva ameinamisha kichwa. Waliomfuata hawakuinamisha.

Rudy alimwandikia mwendesha mashtaka kuhusu wanaopita taa zikiwaka, akarudi na jibu.

"Anasema sheria inahusu basi linalopakia au kushusha mwanafunzi. Hili limekaa hapa siku tatu. Anasema limeegeshwa."

"Aili bado hajapanda," Verna alisema.

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Duane Sorvari alikuja Ijumaa kwa miguu, kwa kuwa leseni yake ilikuwa imezuiwa siku thelathini. Alisimama mbali kidogo na kiti cha Marlys, mikono mfukoni.

"Nilidhani nitawahi kupita," alisema.

"Ulikuwa unawahi wapi?" Marlys aliuliza.

Duane alifikiri. "Mkutano wa wauzaji."

"Uliwahi?"

"Uliahirishwa. Theluji ilizidi huko mjini."

Marlys aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi. Duane akasubiri labda ataambiwa neno jingine, kisha akaondoka.

Kila gari lililopita lilisukuma upepo, na kila upepo ulimgeuza Aili kidogo. Uso ulioelekea nyumbani ukawa unaelekea basi, kisha mtaroni. Marlys alikuwa akihamisha kiti kuufuata. Jumamosi adhuhuri lori la magogo lilipita kwa kasi, honi ikilia, na Aili akazunguka mara mbili kama nguo kwenye kamba, nywele zikimfunika macho.

Marlys alisimama. Alizitengeneza zile nywele, akapitisha mikono yake chini ya mtoto.

"Verna. Zima."

"Una hakika, mwenzangu?"

"Wanamtikisa. Siwezi kumwacha hapa wamtikise."

Verna alibonyeza swichi. Kibao kikajikunja, na theluji ya Jumanne ikaanguka yote kwa pamoja, bila kelele. Kunguru alimaliza kuvuka. Aili alishuka mikononi mwa mama yake, mzito kuliko Marlys alivyotarajia, na lile pigo la moyo likaisha. Mhudumu wa ambulensi, aliyekuwa akirudi kila adhuhuri, alitazama saa, akaandika. Nyuma ya basi magari yakaanza kupita. Taa zilikuwa zimezimwa, kwa hivyo yaliruhusiwa.

Wiki mbili baada ya mazishi, ofisi ya shule ilituma barua kwa kila nyumba iliyokuwa kwenye orodha ya basi namba tisa. Hakuna aliyekuwa ameipitia orodha hiyo. Ya Marlys iliandikwa: Kwa mzazi wa Aili Kettunen. Ilimkumbusha mzazi kwamba usalama barabarani unaanza na mtoto mwenyewe. Mtoto afundishwe kutazama kushoto na kulia, avae nguo za rangi inayoonekana, na asivuke mpaka awe na uhakika kwamba madereva wamemwona. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi na maneno: irejeshwe kwa dereva.

Marlys aliisoma mara mbili akiwa amesimama jikoni. Kesho yake asubuhi alitia sahihi, akavaa koti lake jekundu, akaenda na barua kusimama kando ya barabara. Verna alifika kwa wakati wake, akawasha taa, akamwinulia kidole gumba. Marlys alitazama kushoto, akatazama kulia, akaacha gari moja lipite, na la pili, kisha akavuka.