Matairi ya Kwenda Isuwai

Kuna watu wanachagua mke kwa haraka na tairi kwa haraka zaidi. Mimi si mmoja wao. Nimeendesha magari ya serikali katika mkoa huu wa Singida miaka thelathini na moja, na nimeona mabwana wakubwa wakilala porini na suti zao kwa sababu mjinga mmoja alifunga tairi la lami kwenye gari la mbugani. Kwa hiyo Jumatatu ile binti yangu Belinda aliponipigia simu, nilianza kufikiria matairi kabla hata hajamaliza kusema.

"Baba, Jumamosi tunahama," alisema. "Peniel amehamishiwa Tunduru. Kama utakuja kutuona, njoo wiki hii."

"Nakuja."

"Umesema hivyo mara nyingi."

"Safari hii nakuja kweli. Nabadilisha matairi tu."

Akasema haya baba, akakata.

Peniel ni mume wake, mwalimu wa shule ya msingi Isuwai. Ukitoka Singida mjini unapita Ikungi, unafika Mkiwa, unaacha njia kuu, na mbele huko kabla ya kijiji kuna mbuga ya udongo mweusi. Mwaka wa El Nino mbuga ile ilinishikia Land Rover siku nne. Tulikuwa tunachimba kwa mikono na kula mahindi mabichi.

Kwa Belinda sijawahi kukanyaga. Aliyekuwa anakwenda ni marehemu mke wangu, Severina. Alikuwa anafunga kuku wake wawili na dumu la mafuta ya alizeti, anapanda basi, anamalizia na bodaboda, anakaa huko wiki nzima na kurudi na habari. Kwetu mtoto wa kike akijifungua, mama ndiye anayekwenda kumpikia uji na kumkanda. Baba anabaki nyumbani kusubiri kuambiwa. Severina akafariki, na mwaka uliofuata Belinda akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake. Hapakuwa na wa kwenda. Ilibidi niende mimi. Nikamwambia barabara mbaya, ni masika. Kiangazi kikaja, nikamwambia matairi yamechoka. Mtoto ana miaka sita sasa na sura yake naijua kwenye simu tu.

Naishi Mwankoko, nyumba ya vyumba vinne, natumia viwili. Pikapu yangu iko chini ya banda. Jumapili inanipeleka kanisani, siku moja moja sokoni, basi. Zipo siku jua linazama na hakuna mtu aliyeniita kwa jina tangu asubuhi. Nilishazoea, au nilikuwa najiambia hivyo.

Jumanne asubuhi nikawa kwenye duka la matairi la Idrissa, pale mjini.

"Shikamoo mzee Gaspari."

"Marahaba. Nataka tairi nne za njia zote. Siyo za lami, siyo za matope zile zinazopiga kelele kama mashine ya kukoboa. Za katikati, lakini za kiume."

Idrissa akainama kwenye pikapu, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba. Akazunguka magurudumu yote manne akipapasa kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini.

"Mzee wangu, kashata bado ipo. Lakini mpira umekauka, ona nyufa hizi. Tairi hizi hazijaisha kwa kutembea, zimeisha kwa kukaa. Kwani gari huwa linakwenda wapi?"

"Kila mahali," nikamdanganya, na nikaona aibu hapo hapo, maana yule kijana anajua kusoma tairi kuliko nilivyodhani.

Akanitolea seti aliyokuwa nayo, za njia zote kweli, saizi yangu kabisa. Akasema saa moja tu zimefungwa. Nikazishika. Nikaingiza ncha ya ufunguo kwenye mifereji kupima kina. Nikasoma tarakimu nne za ubavuni, zile za wiki na mwaka wa kutengenezwa, nikakuta ni za mwaka juzi. Nikamwambia kashata ni fupi, bega limefunga sana, matope ya Isuwai yatajaa humo na gari litateleza kama limevaa ndala.

"Isuwai?" Idrissa akacheka kwa heshima. "Mzee, siku hizi kule pametulia. Juzi nimemfungia mwenye Noah tairi za kawaida kabisa, anapeleka abiria huko kila siku."

"Wewe ile mbuga umeichimba kwa mikono?"

"Hapana mzee."

"Basi usinifundishe."

Akaniambia zipo nyingine Dodoma, kashata ndefu, bega limeachana, ubavu mgumu usioogopa miba wala visiki. Akiagiza leo, zitakuja na basi Alhamisi. Nikasema agiza. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi hazikuja. Zilikuja Ijumaa mchana, na kufunga, kubalansi na kujaza upepo kukatuchukua hadi saa kumi na moja. Zilikuwa tairi nzuri, siwezi kusema uongo. Gari lilisimama juu juu, kama lina haraka.

"Ondoka sasa hivi, mzee," Idrissa alisema. "Saa mbili unakula kwa binti yako."

"Mbuga ile haiingiwi gizani."

Jioni ile Belinda alipiga. "Baba, nimechinja kuku. Tunakungoja."

"Kesho mapema, mwanangu. Tairi ndiyo kwanza zimefungwa."

"Lori linaondoka alfajiri."

"Madereva wa malori nawajua mimi. Lori la kuhamisha watu haliondoki kabla ya saa nne. Watapakia, watafungua, watapakia tena."

"Hili litaondoka, baba. Dereva ana mzigo mwingine unamsubiri."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikapanga koleo, mbao mbili, kamba ya kuvutia na jeki. Nikafunga kuku wawili na dumu la mafuta ya alizeti, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Nikalala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa safi, Ikungi nikaipita watu wanafungua maduka. Mkiwa nikaacha njia kuu. Nilikuwa naendesha huku nazungumza peke yangu, najifunza nitakachosema nikifika. Shikamoo nitaitikia. Nyumba nitaisifia. Baada ya hapo sikuwa na neno. Belinda alikua mimi nikiwa safarini. Nikirudi nilikuwa namkuta amerefuka, namuuliza shule inaendeleaje, kesho yake naondoka tena. Mazungumzo yote ya nyumba ile alikuwa nayo Severina.

Nilipokaribia mbuga nikasimama kupunguza upepo kwenye tairi, zishike tope vizuri. Nikashuka na kipimo mkononi, nikatazama mbele.

Hapakuwa na mbuga ya kuvuka. Palikuwa na tuta refu la changarawe, limeshindiliwa, limenyooka, na makalavati ya zege kila baada ya hatua kadhaa, maji yanapita chini taratibu. Udongo mweusi ulikuwa kule pembeni, na mpunga wa watu umeota juu yake. Nikiwa nimesimama hapo na kipimo changu, bajaji ikanipita imebeba akina mama watatu na mabeseni yao. Dereva akanipungia mkono. Nikarudisha kipimo ndani ya gari nikaendelea.

Isuwai nilifika saa tatu kasoro. Nyumba ya mwalimu nilielekezwa, haikuwa mbali na shule. Mlango ulikuwa na kufuli. Uwanjani palikuwa na majani makavu, kamba zilizokatwa na alama za magurudumu ya lori.

Jirani, mama mmoja aliyejitambulisha kuwa Klara, alikuja na ufagio mkononi.

"Shikamoo. Wewe ndiye baba yake Belinda?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Wameondoka saa kumi na moja, wamepitia Manyoni. Walikungoja sana jana. Yule mtoto alikaa barabarani mpaka giza. Kila gari likipita anauliza kama ni la babu."

Nikamuuliza barabara hii imejengwa lini. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Hii? Siku nyingi. Belinda alipokwenda kujifungua huyu mtoto, ndiyo tuta lilikuwa limeisha. Alipita juu yake."

Nikampa kuku na mafuta. Alikataa kwanza, kisha akapokea. Akaingia kwake, nikabaki mimi na mlango. Nikapiga simu.

"Baba? Uko wapi?"

"Niko hapa kwako."

Nilisikia injini ya gari, na sauti ya upepo dirishani. "Sisi tunakaribia Dodoma," alisema. "Tairi zilivuka vizuri?"

"Belinda, hakuna cha kuvuka. Barabara nzuri, mwanangu."

"Nilikuambia. Siku ile ile nilipokupigia kwamba nimejifungua, nilikuambia na barabara imeisha kujengwa."

"Sikusikia. Au nilisikia nikaacha. Haikuwa barabara. Niliogopa kuja. Mama yako ndiye aliyejua kukaa na wewe, mimi najua kuendesha tu."

Alilia, na mimi nikalia, mtu mzima mbele ya kufuli. Nilitaka kumuuliza njia ya kwenda Tunduru ikoje masika haya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Ngoja nikupe mtu," alisema.

Simu ikabadilisha mikono. Ikaja sauti ndogo, imenyooka, ya mtoto aliyefundishwa adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Severina."

"Umefika?"

"Nimefika. Niko kwenu, hapa mlangoni."

"Lakini babu," alisema, "sisi hatukai hapo tena."

Nikamwambia najua.