Duara la Sufuria ya Valentin

Asubuhi Valentin alipotoka na lori kwenda Bunagana, alikula maharagwe amesimama, na sufuria akaitua juu ya meza ya beto, zege aliyoimwaga mwenyewe jikoni, ile ile aliyomkataza kila mtu kuigusa mpaka alete verni ya kuipaka ing'ae na isiingie doa. Mawese yakachora duara lenye mkia. Mkewe Léocadie akamcheka. "Nitalitosha nikirudi, lisionekane tena," Valentin akasema. Mchana vita vikafunga barabara. Lori halikurudi, wala aliyekuwa ndani yake.

Miaka miwili baadaye kaka yake, Télesphore, aliamua kwamba Valentin amekufa. Maiti hakuna aliyeiona, ila Télesphore hakuwa mtu wa kusumbuliwa na mambo madogo. Matanga yakitolewa, msiba ukaisha, nyumba ya Valentin huko Keshero ingemwangukia yeye mkubwa, na mkewe Apolline alikwisha chagua mahali pa friji. Shangazi Rosette, msimamizi wa desturi za ukoo wao wa Masisi, alisema neno moja tu: nyumba ioshwe yote, kwani alama ya marehemu ikibaki, matanga hayatoki.

Nguo zikagawiwa, kuta zikaoshwa. Likabaki duara.

Télesphore alileta kopo la verni pamoja na elimu yake. Beto aliijua sana. Alikwisha jenga nyumba tatu, zote kwa mdomo. Alimweleza Léocadie kwamba beto hunywa mafuta kama mlevi, hivyo doa halisuguliwi tu: hupakwa uji mzito wa majivu na sabuni, unyonye mafuta hadi ukauke, ndipo verni ifuate.

"Na verni ikitangulia?"

"Eh mama, hapo umelifungia ndani. Hakuna mutu atalitosha tena."

"Hata wewe, shemeji?"

"Hata miye," akasema, kwa huzuni ya mtu anayekiri jambo zito kuhusu dunia.

Kisha akatoka uani kuwahutubia ndugu juu ya marehemu. Léocadie alifunga mlango wa jikoni, akafuta vumbi, akapaka verni kona hadi kona. Hotuba ilikuwa ndefu hata mpako wa kwanza ukakauka kabla haijafika kwenye arusi, tena arusi ya Télesphore mwenyewe. Akapaka wa pili. Baada ya hotuba watu wakala, wakala tena.

Shangazi Rosette ndiye aliyeingia wa kwanza. Duara liling'aa chini ya verni, pamoja na mkia wake. Télesphore alisugua kwa majivu, akasugua kwa ndimu, mpaka Apolline akaona haya, akamshika mkono.

"Alama iko," shangazi akasema. "Mwenyewe angali safarini."

Télesphore aliwakumbusha kwamba verni ni yake. Hakuna aliyebisha.

Matanga hayajatolewa. Friji ya Apolline ingali kwao, na Léocadie hukatia vitunguu juu ya duara. Verni huchakaa, hupakwa upya kila baada ya miaka michache. Kopo limebaki nusu.